Baja au bara? Kuchagua pwani ya Meksiko kwa gari-nyumba na wenzako wa kambi

Shemeji yangu wa San Diego amenunua gari-nyumba kuukuu, la futi 25, lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Nilidhani atanipigia kuuliza habari za injini au matairi. Hakuuliza. "Kaka," akasema, "tukishavuka mpaka, tushike Baja au tushike bara?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kila mara najibu kwa simu, nusu nusu, huku napika. Safari hii naandika lote. Nimekaa Baja majira mawili ya baridi, na bara majira moja. Ninaishi Tucson, Arizona, zaidi kidogo ya saa moja kutoka mpaka wa Nogales, ambao ni mlango wa bara, lakini sipendelei upande kwa sababu ya ukaribu.

Kwa asiyeijua ramani: upande wa magharibi Meksiko ina pwani mbili zinazotazamana. Baja California ni rasi nyembamba inayoning'inia kusini ya jimbo la California la Marekani. Ng'ambo yake ni bara lenyewe, majimbo ya Sonora, Sinaloa, Nayarit na Jalisco yakifuatana kuelekea kusini. Katikati kuna Ghuba ya California, ambayo wapiga kambi wote wanaiita Bahari ya Cortés. Nitasema Baja na bara jinsi sisi Watanzania tunavyosema Visiwani na Bara, na kama kwetu, kila upande una maneno yake juu ya mwenzake. Wa Baja wanasema wa bara wamejifungia uani. Wa bara wanasema wa Baja wanaishi kama wakimbizi wenye sola.

Jibu langu la mkato: kama ni mara yako ya kwanza, na unachotafuta ni safari pamoja na wenzako, shika Baja. Bahari ya bara si mbaya hata kidogo. Tofauti inatokana na barabara.

Barabara moja, na barabara nyingi

Baja ina barabara kuu moja tu inayokwenda mwanzo hadi mwisho, Barabara Namba 1, kutoka Tijuana hadi Cabo San Lucas, kilomita 1,700 hivi. Ilikamilika mwaka 1973. Kuna michepuko hapa na pale, lakini mtu mwenye gari-nyumba kubwa hana njia nyingine. Maana yake ni kwamba yule Mkanada mliyekutana naye Jumatatu kwenye kituo cha mafuta El Rosario, Jumatano utamkuta Guerrero Negro, na wiki ijayo utamkuta ufukweni Bahía Concepción akiwa ameshakushikia nafasi. Hamkupanga. Barabara imewapangia. Baada ya wiki mbili unawajua watu kwa magari yao, yule mwenye mbwa watatu, yule wa basi la shule lililopakwa rangi ya bluu, na wale wastaafu wa Oregon wasioendesha baada ya saa saba mchana.

Bara barabara zinagawanyika. Kuna ya kulipia na ya bure, kuna ya pwani na ya milimani, na kila mtu ana mji wake anaoukimbilia. Mwingine anaishia San Carlos, mwingine hasimami hadi Rincón de Guayabitos kule Nayarit, na akifika huko anateremsha jeki, anatandika zulia nje na kukaa miezi minne. Kambi za bara zina watu tele, lakini watu hao hawasafiri tena. Wamehamia. Ukifika wewe ni mgeni wa mtaa, si mwenzao wa njiani. Kwa maneno mengine, Baja unasafiri na watu, bara unahamia kwa watu. Ukishaamua ni lipi kati ya hayo mawili unalitaka, nusu ya swali limekwisha.

Sasa ubora wa lami. Hapa Baja inapoteza pointi. Barabara Namba 1 sehemu nyingi ni nyembamba, haina pembeni pa kukimbilia, na lami inapoishia kuna mshuko wa ghafla wa nusu mita au zaidi. Ukitoka nje kidogo tu umepinduka. Malori ya semi yanakuja kwa kasi upande wako, na gari-nyumba lako lina vioo vilivyojitokeza kama masikio ya tembo. Kusini ya Cataviña nilikutana na lori kwenye kona. Nilipunguza, nikasogea kulia hadi nikasikia tairi likikwaruza ukingo wa lami, nikashusha pumzi. Kisha mlio, kama mtu amevunja sahani. Kioo cha kushoto kilikuwa kimekunjwa mpaka kwenye dirisha, na vipande viko mapajani. Lori halikusimama, na sidhani dereva alijua. Mzee wa Alberta, Kanada, aliyekuwa nyuma yangu alishuka na gundi, kioo kidogo cha kunyolea na mkanda wa plastiki, tukakitengeneza palepale juu ya changarawe. Nilikwenda na kioo hicho cha kunyolea mpaka La Paz, siku nane.

Bara ukishika barabara ya kulipia, Namba 15D kutoka Nogales kuelekea kusini, sehemu kubwa ni njia nne, imetenganishwa katikati, na usukani unaushika kwa mkono mmoja. Lakini tozo zinahesabiwa kwa ekseli, na ukiburuta gari dogo nyuma, ekseli zake zinahesabiwa pia. Vibanda vya tozo ni vingi, na mwisho wa siku zile risiti ndefu zinafanana na za dukani mwezi wa Ramadhani. Ukiikwepa ukapita ya bure, unaingia miji midogo yenye matuta. Wameksiko wanayaita topes, na Mtanzania hatahitaji maelezo, isipokuwa kwamba mengine hayana rangi wala kibao, na ndani ya gari-nyumba kila tuta lisiloonekana linafungua kabati moja. Mimi nilipoteza chupa ya mafuta ya nazi na vikombe viwili kabla ya kujifunza kufunga milango ya kabati kwa kamba.

Kuna jambo moja la pande zote mbili ambalo Mswahili anapaswa kuwa mwangalifu nalo. Kwetu, lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kushoto linakwambia pita, njia nyeupe. Meksiko pia linawasha ya kushoto kukwambia pita. Ishara ni ileile, kwa hiyo unafurahi. Ila huku tunaendesha kulia, na kushoto ndiko unakopitia, kwa hiyo indiketa hiyohiyo inaweza kuwa dereva anataka kukata kushoto kuingia shambani. Angalia taa za breki kwanza. Zikiwaka, kaa nyuma.

Na usiku usiendeshe, si Baja si bara. Ng'ombe wanalala juu ya lami kwa sababu ina joto.

Wenzako wenyewe

Mtu akisema "kusafiri na wenzangu" anaweza kumaanisha mambo matatu tofauti, na bei zake ni tofauti.

La kwanza ni msafara wa kulipia. Kampuni inakusanya magari, inaweka kiongozi mbele na fundi mkiani, inakata nafasi za kambi na tiketi za kwenda kuona nyangumi, na wewe unafuata. Unalipa maelfu ya dola. Sijawahi kulipa, lakini nimelala jirani na misafara hiyo mara kadhaa, na nimewaona wakisoma ratiba saa kumi na mbili asubuhi wakiwa wamevaa fulana zinazofanana. Mama mmoja aliniambia asingethubutu kuja peke yake baada ya kufiwa na mumewe, na kwamba kila dola ilistahili. Namwamini. Shida ni kwamba ukipenda mahali huwezi kubaki, na usipopapenda huwezi kuondoka.

La pili ni kundi mnalolipanga wenyewe, magari mawili matatu yenye redio koli. Hili ndilo ninalopendekeza, lakini kwa sharti moja ambalo watu hulidharau: mkubaliane mwendo kabla ya kuvuka mpaka. Ugomvi niliowahi kuuona kambini haukutokana na siasa wala pesa. Ulitokana na mtu wa kilomita 400 kwa siku kusafiri na mtu wa kilomita 150.

La tatu ni kukutana njiani, na hili, kama nilivyosema, linafanya kazi Baja kuliko bara.

Chukua ufukwe wa Santispac, Bahía Concepción, kusini ya Mulegé. Maji yametulia kama ya Mkoani, Pemba, asubuhi, magari yamepangwa mstari mmoja ukingoni, na baadhi ya nafasi zina vibanda vya makuti wanavyoviita palapa, ambavyo mtu wa Tanga atasema mbona hiki ni kibanda cha babu. Hakuna umeme wala maji ya bomba kwenye nafasi. Jioni mtu anapita kukusanya peso mia mbili na ushee, anakata risiti, anakwenda. Asubuhi wanapita wachuuzi na pikapu, mboga, kamba wabichi, tamale za moto (unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda), maji ya kunywa. Wapiga kambi wanakusanyika kwenye pikapu, na hapo ndipo habari zote zinapobadilishwa, upepo utaanza lini, nani pampu yake imekufa, nani anakwenda Loreto ampelekee mtungi wa gesi. Kule El Requesón, kidogo kusini, maji yakipwa unatokea mchanga unaokuvusha kwa miguu mpaka kisiwani, na kila mgeni lazima awahi kukwama ng'ambo maji yakijaa. Wenyeji wa wiki mbili wanamchekea.

Bara mambo yana utaratibu. Kambi ya Guayabitos au Mazatlán ina ukuta, lango, umeme, maji, sehemu ya kumwaga choo kwenye nafasi yako, intaneti, na ubao wa matangazo wenye ratiba ya karata, mazoezi ya maji na chakula cha pamoja cha Jumapili. Wakanada wengi wanarudi nafasi ileile kila mwaka, na mstari wa mbele unaotazama bahari umeshikwa tangu mwaka jana. Wewe mgeni utapewa mstari wa nyuma, karibu na pampu. Ukivumilia wiki tatu utakuwa mtu wao, na urafiki wake ni wa kudumu kuliko wa Baja, hilo nakiri. Lakini viwanja vinapungua. Ardhi ya ufukweni ni dhahabu, na mahoteli yanainunua, kwa hiyo usiamini orodha ya zamani ya kambi. Piga simu kabla.

Usalama, bila kupamba

Hapa ndugu wengi wanaanzia, na mimi nimeiweka katikati makusudi, maana ukianzia hapa hutasoma mengine.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayapanga majimbo ya Meksiko kwa madaraja. Sinaloa, ambayo huwezi kuikwepa ukishuka kwa Namba 15 kwenda Nayarit, imekuwa daraja la nne, la "usisafiri", tangu mfumo huo uanze mwaka 2018. Septemba 2024 makundi mawili ya genge la huko yaligeukiana, na Culiacán, mji mkuu wa jimbo, ukaingia katika mapigano ya muda mrefu, magari yakinyang'anywa na kuchomwa barabarani. Watu bado wanapita, mchana, kwa barabara ya kulipia, bila kusimama kati ya Los Mochis na Mazatlán. Mimi nilipita kabla ya Septemba ile. Leo nisingempeleka shemeji na watoto.

Baja nayo si peponi. Aprili 2024 vijana watatu wa kuteleza mawimbini, Waaustralia wawili ndugu na rafiki yao Mmarekani, waliuawa kusini ya Ensenada walipokuwa wamepiga kambi mahali pa upweke kwenye mwamba juu ya bahari. Tangu hapo sisi tuna kanuni kwamba sehemu ya kaskazini, kuanzia mpakani hadi El Rosario, tunalala kwenye kambi yenye lango na watu. Upweke unaanza baada ya hapo, na hata hapo ni upweke wa magari matatu. Nusu ya kusini, jimbo la Baja California Sur, ndiyo tulivu.

Vizuizi vya askari viko pande zote mbili. Vijana wenye bunduki wanakuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, wanapanda ndani, wanafungua friji, wanashuka. Na sasa neno kwa wenye ngozi kama yangu. Kwenye kizuizi kimoja magari manne ya wenzangu Wakanada yalipungiwa mkono yapite, langu likasimamishwa, na swali la kwanza lilikuwa kama mimi ni Mhaiti au Mkuba. Si ajabu, Wahaiti wengi wamekwama Tijuana tangu 2016. Nilionyesha pasipoti, kibali cha utalii na karatasi za gari, dakika kumi na tano, hakuna aliyenitukana. Wenzangu walikuwa wamesimama mbele wananisubiri, na yule mzee wa kioo cha kunyolea alirudi kwa miguu akasimama kando yangu bila kusema neno. Weka karatasi asili mahali mkono unapofika, si nakala.

Karatasi: Baja inashinda bila jasho

Kibali cha utalii unakihitaji pande zote, na kinaweza kutolewa hadi siku 180, lakini afisa ndiye anayeandika idadi, kwa hiyo soma kabla hujaondoka dirishani. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na nyingi za Afrika wanahitaji viza ya Meksiko, isipokuwa kama una viza halali ya Marekani au ukaazi wa kudumu wa Marekani au Kanada. Kama ni viza, hakikisha ni ya kuingia mara nyingi, la sivyo kurudi nyumbani ndiko kutakuwa safari.

Tofauti iko kwenye gari. Baja yote ni ukanda huru, gari la kigeni linaingia bila kibali cha kuingizwa kwa muda. Bara unakihitaji. Kwa gari-nyumba kibali hicho kinadumu miaka 10 na hakina amana, jambo zuri, lakini gari dogo unaloburuta lina kibali chake na amana yake. Ukitokea Nogales ofisi iko kilomita 21 kusini ya mpaka. Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui: pwani ya Sonora hadi Guaymas nayo iko kwenye ukanda huru. Unaweza kukaa Bahía Kino au San Carlos msimu mzima bila kibali cha gari. Kwa mtu anayeiogopa Baja kwa sababu ya vioo na kuiogopa Sinaloa kwa sababu nyingine, San Carlos ni jibu la heshima: siku moja kutoka Tucson, kambi nzuri, na bahari ni ileile ya Cortés.

Bima yako ya Marekani haitambuliki huko kwa madhara unayomsababishia mtu. Nunua ya kampuni ya Meksiko kabla ya kuvuka. Na kama gari-nyumba ni la kukodi, soma mkataba, maana wakodishaji wengi wa Marekani hawaruhusu livuke kabisa.

Maji, choo, mafuta

Baja ni jangwa, na jangwa linakupangia maisha. Kati ya El Rosario na Guerrero Negro kuna zaidi ya kilomita 300 ambazo huwezi kutegemea kituo cha mafuta. Cataviña, katikati, utakuta watu wanauza petroli kwenye madumu kando ya barabara, kwa bei yao. Jaza El Rosario hata kama tangi lina nusu.

Maji ya kunywa si shida kama watu wanavyodhani, kwa sababu kila mji mdogo una duka la maji yaliyosafishwa, unajaza galoni la lita 20 kwa bei ya soda. Shida ni maji ya kuoga, na zaidi ya hapo, choo. Sehemu za kumwagia ni chache, na ufukweni hakuna. Mtu mmoja mwenye tangi dogo anaweza kuwatibulia wote, kwa sababu siku ya tano yeye lazima aondoke, na kundi ama linamfuata ama linagawanyika. Kabla ya kukubali kusafiri na mtu, muulize ukubwa wa tangi lake la choo. Nasema kwa uzito wote.

Bara swali hili halipo. Unachomeka mpira kwenye shimo lako, unafungua, umemaliza, unakwenda kucheza karata.

Chakula na hewa

Hapa bara inajikomboa. Nayarit ni kijani, ina minazi, maembe, ndizi, na samaki wa zarandeado, anayepasuliwa mgongoni akafunguliwa kama kitabu, akapakwa viungo na pilipili, akawekwa kwenye waya juu ya kuni za mkoko. Mtu wa pwani yetu akimwona atadhani ni samaki wa kupaka aliyesahauliwa tui. Na Puerto Vallarta, kwenye njia ya ufukweni, nilimkuta mzee amebeba kibuyu kikubwa begani akiuza kinywaji cheupe. Nikaonja. Ni tembo! Tembo la mnazi, tamu, la asubuhi, halijachacha, kaweka na karanga juu. Wanaliita tuba, na ufundi wa kugema ulifika na Wafilipino waliokuja na merikebu zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Manila na Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815. Nilirudi kwa mzee yule siku tatu mfululizo. Siku ya tatu hakunidai.

Baja chakula ni cha bahari na mkate wa ngano, taco za samaki za Ensenada, chaza wa Loreto wanaochomwa chini ya vijiti vikavu. Kizuri, lakini mboga za majani utazikumbuka.

Hewa. Wote tunakwenda kati ya Novemba na Machi, msimu wa vimbunga ukiwa unakwisha au umekwisha, ambao upande wa Pasifiki unaishia rasmi mwisho wa Novemba. Waliokuwa Cabo Septemba 2014 wakati wa kimbunga Odile hawahitaji kushauriwa. Baja wakati wa baridi kuna upepo wa kaskazini, norte, unaovuma siku tatu nne mfululizo ukatikisa gari usiku kucha. Ni kama kaskazi yetu, isipokuwa huu ni wa baridi. Usiku wa Januari utalala na blanketi mbili. Bara, kuanzia Mazatlán kushuka, utalala na feni. Lakini San Blas ina usubi, na usubi wa San Blas wamekuwa na sifa zao tangu zamani. Alfajiri na magharibi hawakupi nafasi. Tulipanga siku tano, tukakaa moja na nusu.

Na nyangumi wa kijivu ni wa Baja. Januari hadi Machi wanashuka kutoka bahari za Aktiki kuja kuzaa kwenye wangwa za Ojo de Liebre na San Ignacio, na mashua ndogo zinakupeleka. Mama anakuja na mtoto wake ubavuni mwa mashua, anapumua, unanukia samaki mpaka jioni. Kama watoto wako kwenye gari, hoja nyingine zote zimekufa hapo.

Vipi kufanya zote mbili?

Kuna feri kutoka La Paz kwenda Mazatlán na Topolobampo. Wanakutoza kwa urefu wa gari, wanalipima kweli, na kibali cha gari unakikamilisha bandarini Pichilingue kabla ya kupanda. Zamani mzunguko huu, kushuka Baja, kuvuka, kurudi kwa Namba 15, ulikuwa ndoto ya kila mwenye gari-nyumba. Sasa tatizo ni kwamba bandari zote mbili za upande wa pili ziko Sinaloa. Ukivuka, ukifika Mazatlán elekea kusini Nayarit, na uwe na mpango wa kurudi.

Rasi ya Yucatán, upande wa Karibi, nimeulizwa pia. Kutoka kwetu ni mbali mno, kutoka Texas njia ya karibu inapita Tamaulipas, daraja la nne nayo, na fukwe zake miaka ya karibuni zinapokea shehena za mwani wa sargasamu unaooza mchangani. Kwa msimu mmoja sioni hesabu yake.

Kwa hiyo shemeji, mwenye watoto wawili, gari la futi 25, mke asiyependa giza, na majirani zake wa San Diego wenye magari mengine mawili: Baja, Januari, magari matatu, kilomita 200 kwa siku zisizidi. Wazazi wangu wakija kunitembelea kutoka Tanga na wakataka bahari, nitawapeleka San Carlos, kwenye umeme na feni, wala sitawavusha Sinaloa. Na nikistaafu, huku mgongo ukigoma kulala upepo wa norte, huenda nikaomba mstari wa nyuma karibu na pampu kule Guayabitos nikasubiri zamu yangu ya kusogea mbele.

Shemeji ameshanitumia ujumbe kwamba wanavuka tarehe 9. Nimemjibu vitu viwili tu: jaza El Rosario, na nunua kioo cha kunyolea.